Bibi Harusi Radi Abebwa Biharwe

Mimi kukaa kimya siwezi, na kungoja ndiyo siwezi kabisa. Mwezi mmoja kabla ya ndoa yangu na Cyiza nilikuwa sili vizuri, silali vizuri, naamka nafagia kiwanja kilichokwisha kufagiwa. Wazee wake walishaleta ng'ombe kwa baba yangu Natanaeli hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, kanisani tumeshatangazwa, na huyo Cyiza mwenyewe hajawahi kuniuliza hata kama napenda chai ya maziwa au ya rangi. Akija anamsalimia baba, anakwenda kuangalia ng'ombe, anarudi kwao. Ananitaka au hanitaki? Hilo tu nilitaka kulijua, na hakuna aliyeweza kuniambia.

"Wanaume wetu ndivyo walivyo," alisema rafiki yangu Chantal. "Basi tupige zile picha kabla hujawa mke wa mtu. Ukishaolewa, nani atakuruhusu?"

Zile picha zilikuwa ndoto yetu. Tangu shuleni nilikuwa nachora katuni ya msichana anaitwa Bibi Harusi Radi: anatekwa siku ya harusi yake, lakini chini ya gauni amevaa mabuti na mkononi ana mkuki. Chantal aliona kwenye simu kwamba huko mbali watu wazima wanajivika kama watu wa katuni na kupigwa picha, wanaita kosplei. Akasema, Radi tunaye, kwa nini tusimvike? Mkuki tuliuchonga, tukaupaka rangi ya fedha. Gauni tulilikodi Nyamityobora, mjini Mbarara, kwa mama mmoja aliyetuonya tusilitie matope. Mabuti yalikuwa ya kaka yangu, ya shambani. Mpiga picha alikuwa Léopold, yule wa Base Camp, sehemu moja ya kambi yetu, anayepiga picha za vitambulisho, mpole mpaka anaudhi.

Tulichagua Biharwe, kando ya barabara ya Masaka, kwa sababu ya vilima na ng'ombe wenye pembe ndefu. Mambo yalianza vibaya. Kijana aliyeahidi kucheza mtekaji hakutokea, upepo ukawa unalipeperusha shela mpaka nikalikanyaga, na Léopold anafuta kioo cha kamera tu, anafuta, anafuta. Nikawaka.

"Vaa wewe hicho kitambaa cheusi cha mtekaji! Kamera isimamishe kwenye miguu yake, Chantal atabonyeza."

"Mimi, dada? Nikubebe?"

"Nibebe! Jua litatungoja mpaka saa ngapi?"

Akajifunga kitambaa usoni, akanitupa begani, akakimbia huku anahema. Mimi nikapunga mkuki na kupiga makelele ya Radi kwa nguvu zote. Haki ya Mungu, nilijisikia vizuri.

Sasa, kwetu watu wa milima ya Kivu ya Kusini kuna jambo ambalo sisi vijana tulilisahau. Zamani, kijana aliyekosa ng'ombe wa mahari alimvizia msichana, akambeba begani, na akishafika naye kwake mambo yamekwisha, ni mke wake. Mzee aliyeyaona hayo utotoni hawezi kufikiria kosplei.

Fimbo ilitua mgongoni kwa Léopold kabla sijamwona aliyeishika. Tukaanguka wote wawili majanini.

"Achilia mutoto wa benyewe, wewe mwizi!"

Alikuwa mzee Kabanda, baba mdogo wa Cyiza, yeye mwenyewe aliyewaongoza ng'ombe wa mahari yangu mpaka kwetu. Nilijua anamchungia tajiri mmoja huku Mbarara. Kwamba anachunga kilima hikihiki, sikujua.

"Umuhire! Binti ya Natanaeli! Amekuumiza?"

"Papa, ni mchezo! Ni picha tu!"

Hakunisikia. Alikuwa analia, fimbo iko juu ya kichwa cha Léopold, na mkono mwingine umeshampigia Cyiza. Ile simu yake haisikiki sikioni, kwa hiyo anaongea kwa spika, kilima kizima kinasikia.

"Cyiza! Bamemubeba Umuhire! Mutu amemubeba begani, huku Biharwe!"

Hapo ningeweza kupiga kelele tena kwamba ni mchezo. Sikupiga. Nilinyamaza, mimi nisiyeweza kunyamaza, kwa sababu nilitaka kusikia atasema nini.



"Na ng'ombe zangu?" Cyiza akauliza.

"Nini?"

"Ng'ombe. Natanaeli atazirudisha zote?"

"Ninasema bamemubeba mutoto!"

"Nimesikia, baba. Ninauliza ng'ombe. Ile nyekundu iko na mimba."

Mzee Kabanda akaishusha fimbo. Hakuweza kunitazama. Chantal alikuwa ameziba mdomo kwa mikono, na Léopold, kitambaa shingoni, alikuwa anaangalia majani. Masikio yalinichoma kwa aibu. Hasira ikanipanda, na chini ya ile hasira, mtanisamehe, nilisikia nafuu. Nikanyoosha mkono, mzee akanipa simu.

"Cyiza, ni mimi Umuhire. Niko muzima, kama ungeuliza. Ng'ombe zako ziko kwa baba, zote. Ukuje kesho na kamba, uzirudishe kwenu."

Nikakata, nikamrudishia mzee simu yake kwa mikono miwili.