Njiwa Ndani ya Wavu

Fundi alisimama kwenye roshani ameduwaa. Jana alifunga wavu kwa mikono yake, akaukaza kila kona mpaka ukawambika kama ngoma. Leo njiwa alikuwa ndani, ametulia juu ya friji mbovu, anamkodolea macho kana kwamba Fundi ndiye aliyekosea nyumba.

"Haya, nieleze," alisema mama mwenye nyumba, mikono kiunoni. "Nilikuita kwa sababu njiwa wananichafulia nguo kila nikianika. Sasa umenifungia mmoja ndani?"

"Dada, niliwafukuza wote."

"Kapitia wapi, basi?"

Fundi akapapasa wavu juu mpaka chini. Akapanda stuli, akashuka, akapanda tena. Hakuna hata uzi uliokatika. Akaanza kujitilia shaka. Labda kweli alimsahau? Lakini si aliwaona wote wakiruka, kwa macho yake mwenyewe?

Sebuleni, shangazi wa mume wa yule mama, aliyekuwa akiishi nao hapo, alikuwa anakunja nguo.

"Shikamoo shangazi. Hujaona tundu lolote hapa?" Fundi aliuliza kutoka juu ya stuli.

"Marahaba mwanangu. Tundu? Hakuna."

Kichwa kikazidi kumzunguka. Alikuwa bado juu ya stuli njiwa wa pili alipotokea jikoni, anatembea kwa miguu, taratibu, kama mpangaji. Shangazi akainua miguu kumpisha, wala hakuacha kukunja. Njiwa akavuka sebule, akaingia kwenye roshani, akapotelea nyuma ya friji.

"Shangazi!"

"Huyo ndiye baba. Wana watoto huko nyuma. Jana ulipofunga walihangaika kweli dirishani, nikawafungulia la jikoni."

Wakaisogeza friji. Makinda mawili, mekundu, manyoya ya kuhesabu, yakapanua midomo. Mama mwenye nyumba alikuwa amefungua mdomo kufoka, akaufunga.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nitaachia kona moja. Wakishajua kuruka, nakuja kuifunga."

"Sawa. Ila jikoni kwangu wasipite tena."

Fundi alifungua kona, akakusanya vifaa. Mlangoni akashindwa kujizuia.

"Lakini shangazi, si nilikuuliza?"

"Uliniuliza tundu, mwanangu. Tundu halipo. Umefunga vizuri sana."

Akashuka ngazi polepole, hajui kama amesifiwa au amechekwa.