Mtoto Ni Miguu Tu

Chama cha wenye maduka kilimchagua Mama Kona awe msemaji wake kwa sababu moja tu: hakuna aliyewahi kumshinda kwa mdomo, na waliojaribu walihamia maduka mengine. Duka lake lilikaa konani, mlango ukitazama geti la shule, na balaa lote lilianzia hapo. Halmashauri ilikuwa inataka kupitisha sheria mpya ya tumbaku. Duka lililo jirani na shule lisiuze sigara kabisa, na popote pale mtoto asipewe sigara hata akisema ametumwa na mtu mzima.

"Wanataka kunifungia duka kwa lugha ya upole," alimwambia mumewe. Mume, ambaye kazi yake kubwa pale dukani ilikuwa kukalia kreti la soda na kukubali, alikubali.

Wala hakuwa anatia chumvi. Anayefuata sigara huondoka na mkate, sabuni na umbea wa mtaa. Sigara zikihama, wateja nao watahama, na yeye atabaki kupangusa vumbi makopo ya maziwa. Duka lile lilikuwa limesomesha watoto wake wote. Alilipenda kuliko alivyompenda mumewe, jambo ambalo mumewe alilijua na pia alilikubali.

Siku ya kutoa maoni, wenye maduka walijaa kwenye ukumbi wa halmashauri wakiwa ndani ya fulana za bure za kampuni ya sigara. Zilikuwa za saizi moja zote, kwa hiyo wanene walionekana wamefungwa bandeji na wembamba wameanikwa. Kijana wa kampuni, mwenye suti ya kubana na viatu vilivyochongoka, alizunguka akigawa maji ya chupa na tabasamu. Yeye ndiye aliyemwandikia Mama Kona hotuba. Mwenyewe hakuwa anavuta. Alisema kifua chake na moshi havipatani.

"Mama, ile sentensi ya mwisho isome polepole," alimnong'oneza. "'Sisi hatujawahi kumuuzia mtoto sigara.' Hapo ndipo penye uzito."

"Mwanangu, ukweli wangu sihitaji kufundishwa na mtu," alijibu Mama Kona. Na aliuamini huo ukweli wake kwa moyo wote.

Wajumbe wa kamati walikuwa wamepangwa meza ya mbele, kila mmoja na kipaza sauti chake. Katikati alikaa mkuu wa kamati, mwanamke asiyecheka ovyo. Pembeni yake alikuwa mheshimiwa mmoja mwenye kitambi na sauti nzito, ambaye ndiye aliyeipendekeza ile sheria. Huyo ndiye aliyeuliza, "Sasa nyinyi mnamjuaje mnunuzi halali?"

Mama Kona, aliyekuwa amesimama mbele kwa niaba ya chama, alimkazia macho, kisha uso ukamchangamka. Kumkumbuka mteja ilikuwa fahari yake kubwa duniani, na hotuba ya kijana ikasahaulika hapo hapo.

"Tunawajua, Mheshimiwa! Hata wewe nakujua. Wewe si Kibonge, wa ile nyumba ya mlango wa bluu?"

Ukumbi uliangua kicheko. Mama Kona akapandwa na mori.

"Ulikuwa hujafika hata kimo cha kaunta yangu! Unakuja mbio, sarafu imelowa jasho kiganjani. 'Shikamoo mama, baba kanituma sigara mbili.' Nakupa, na peremende juu, kwa kuwa ulikuwa mtoto mtiifu. Haya, niambieni, hapo nimemuuzia mtoto? Mnunuzi ni baba yake, jamani. Mtoto ni miguu tu!"

Watu walipiga makofi, wakapiga na meza. Katibu wa chama alimkumbatia jirani yake. Mheshimiwa alitabasamu kidogo, akashusha macho kwenye makaratasi yake, hakuuliza tena. Mkuu wa kamati akatangaza mapumziko.

Mama Kona alitoka kutafuta choo huku akipongezwa njia nzima. Nyuma ya jengo, karibu na tangi la maji, alimkuta Mheshimiwa amejibanza ukutani, sigara kaificha ndani ya kiganja.

"Shikamoo, mama," alisema, akishtuka.

"Marahaba. Makubwa haya! Mkono mmoja unaandika sheria, wa pili unashika moshi?"

"Ndiyo hivyo, mama."

"Ulirithi kwa mzee wako. Mungu amrehemu, alikuwa mteja mzuri, ingawa dukani sikumwona hata siku moja."

Mheshimiwa alitikisa kichwa. "Baba alikuwa havuti, mama. Alikuwa dereva wa malori, nyumbani anaonekana kwa nadra. Hata harufu ya sigara alikuwa haitaki."

"Sasa zile zilikuwa za nani?"

"Zangu."

Mama Kona alimtazama kama anamsubiri acheke. Hakucheka.

"Na peremende zangu?"

"Zilinisaidia sana. Mama yangu alikuwa na tabia ya kuninusa mdomo."

Kwanza alipandwa na hasira. "Mwongo mkubwa wewe! Unanidanganya mchana kweupe, tena na shikamoo juu!"

"Nilikuwa darasa la tatu, mama."

Mama Kona alishusha sauti. "Mbona hukusema mle ndani? Ungenimaliza."

"Watu walikuwa wanacheka. Halafu naona aibu. Nimejaribu kuacha mpaka nimechoka kujaribu." Aliizima sigara kwenye tangi, akajipangusa mikono kwenye suruali kama mwanafunzi, akaondoka.

Mama Kona alibaki pale, choo amekisahau. Alianza kuwapitia kichwani watoto wote aliowapa sigara na kuwasifu kwa utiifu. Baba zao, wengine hakuwahi kuwaona wakivuta. Wengine hakuwahi kuwaona kabisa. Alijisikia vibaya mno, na kibaya zaidi, hakuona mtu wa kumsingizia.

Kikao kiliporudi, alipewa nafasi ya kufunga hoja za chama. Kijana wa kampuni alimwinulia dole gumba. Mama Kona alifungua hotuba, akaisoma vizuri mpaka mwisho wa ukurasa.

"Sisi hatujawahi..." Akaikunja karatasi. "Mimi nimewahi."

"Mama Kona!" katibu aliruka. "Hotuba haiko hivyo! Kaa chini!"

"Sikai! Nimemuuzia mtoto, wala si mara moja, na peremende nikampa bure. Mkitaka kunifukuza chamani, nifukuzeni. Fulana yenu nitairudisha nikipata wa kunisaidia kuivua." Akawageukia wajumbe wa kamati. "Duka langu linatazama geti la shule. Mkiziondoa sigara nitaumia, tena sana, na nitawatukana wote nikiwa peke yangu. Lakini uongo huu siusomi."

Ukumbi ulichafuka. Kijana wa kampuni alikuwa tayari mlangoni na simu sikioni. Mkuu wa kamati aligonga meza mpaka watu wakatulia.

"Mtoto unayemsema ni nani, mama? Kamati inahitaji kujua."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Mama Kona aliufunga mdomo wake. Alitazama dari, akatazama sakafu, akatazama kila mahali isipokuwa pale pa kutazama.

"Mtoto wa watu tu," alisema mwishowe. "Mwacheni."

Mheshimiwa alibonyeza kitufe cha kipaza sauti chake.

"Ni mimi," alisema.

Mama Kona alikaa, akajifunika uso kwa ile hotuba, akalia mbele ya chama kizima bila kujali nani anamtazama.