Dakika Tano

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha pikipiki. La pili lilimpata Kendi juu ya sikio, akaanguka kwa magoti kati ya miti ya miraa, kisanduku cha barafu kimekumbatiwa kifuani. Isaack, bodaboda aliyemleta kutoka Laare, alikuwa ameshatimka.

"Leo utakunywa hiyo damu unayobeba," Mwongera alisema. Mkononi alishika panga la kukatia majani ya migomba ya kufungia miraa. Nyuma yake walikuja wanaume kumi na zaidi, viatu vyao vimejaa udongo mbichi.

Kendi aliutazama ule udongo. "Nani amekufa?"

"Anauliza." Mmoja wao alicheka. "Fisi anauliza nani amekufa."

Aliyekufa alikuwa Mutwiri, mdogo wake Mwongera, wa miaka thelathini na sita. Jana alianguka akifunga miraa, mshipa umepasuka kichwani, kama baba yao, kama ndugu zao wawili. Na wiki mbili nyuma Kendi alikuwa amemtoa damu, chupa nne. Boma zima lilizihesabu.

Mwongera alikipiga kisanduku teke. Chupa za asubuhi, za binamu zake wa ng'ambo ya mto, zikamwagika, naye akazisaga kwa buti moja baada ya nyingine. Kisha bapa la panga likatua mgongoni mwa Kendi. Likatua tena. Kitu kililia ndani ya mbavu zake.

Kwa miaka miwili, akiwa mtafiti wa magonjwa, aliuchunguza ukoo huu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na tezi hiyo hutoa homoni inayouamuru mwili ushike chumvi, na chumvi ikizidi presha hupanda hadi mshipa upasuke. Ya Mutwiri haikujua kunyamaza. Kosa lilikuwa ndani ya jeni, likirithiwa kama shamba, mzazi kwa mtoto. Dawa yake ilikuwepo, kidonge kidogo cha kumeza kila siku.

"Nilikuwa na jibu," Kendi alisema, uso udongoni. "Tangu Jumatatu."

Panga lilisimama hewani.

"Jumatatu nilijua ugonjwa wake na dawa yake. Sheria ya kazi yetu inasema jibu moja halitoshi, upime mara ya pili ndiyo useme. Nikangoja. Ndiyo nimekuja leo, kumpima tena."

"Na yeye amekufa jana."

"Amekufa jana."

Angeweza kudanganya. Buti lilimpata mdomoni, akatema jino pamoja na mchanga.

"Basi sikukosea," Mwongera alisema, sauti imekatika. "Ulimuua. Kwa kungoja."

"Karwirwa, binti yake, anao ugonjwa huo pia." Maneno yalitoka na damu. "Damu yake pia nimeipima mara moja tu. Jibu la pili sitalingoja."

Mlangoni mwa nyumba ya karibu alisimama Nelius, mjane wa Mutwiri, leso imefungwa kichwani. "Shemeji, mwache aongee."

"Aongee nini? Ameongea."

Lakini msichana alikuwa ameshampita mama yake. Karwirwa, miaka kumi na saba, alitembea katikati ya wanaume, akapindua ndoo ya maji, akaikalia na kukunja mkono wa sweta ya shule.

"Nipime."

"Rudi kwa nyumba," Mwongera alisema.

"Baba mkubwa, kichwa kinaniuma tangu Krismasi. Sikuwa nimeambia mtu."

Kendi alijikokota hadi kwenye mkoba wake, akatoa kipimo cha presha, akafuta udongo kwa sketi yake. Alimfunga msichana mkanda, kisha akaiacha mashine bila kuiwasha.

"Unangoja nini tena?" Mwongera aliuliza.

"Lazima akae dakika tano kwanza. Miguu chini, bila kuongea. Na asiwe na hofu. Akiogopa, kipimo kitadanganya."

Wanaume walitazamana. Kutoka nyuma ya migomba, jembe la aliyebaki kaburini lilisikika mara mbili, mtu akakimbia kwenda kumnyamazisha. Kendi aligeuza kichwa upande, ili damu ya sikioni idondoke mahali ambapo msichana asingeiona.

Mwongera aliutazama ule mkono mwembamba uliokunjuliwa gotini. Akapeleka panga nyuma ya mgongo wake, akalishika huko kwa mkono mmoja, na macho yake yakashuka kwenye saa ya mkono wa pili.