Vinundu Alivyovileta Severa

Bi Khairunnisa alikuwa na miaka ishirini na sita ya kuuza mbegu na miche pale Kariakoo, hatua chache tu kutoka Mtaa wa Msimbazi, na watu walimpendea jambo moja. Ukinunua miche kwake hakukupa mizizi mitupu. Alichota tonge la udongo wa uani kwake, udongo mweusi wa bondeni Jangwani aliokuwa akiletewa kwa mkokoteni kila mafuriko yalipokauka, akaizungushia mizizi, akafunga yote kwa kipande cha gazeti. "Usiutenge na kwao, utashtuka," alikuwa akisema. Udongo aliutoa bure.

Jumamosi hiyo alikuwa bado anapanga makopo ya mbegu za bamia, mjukuu wake Shahd akaingia na kompyuta ameikumbatia kifuani. Shahd anasoma shahada ya pili, mambo ya vinasaba vya minyoo inayokula mizizi. Bibi yake alipolisikia somo hilo mara ya kwanza aliangua kicheko: "Yaani nimesomesha mtu akafuge minyoo!" Leo hakucheka, kwa maana msichana alisahau hata kuamkia.

"Bibi, majibu ya udongo yametoka. Ya hapa uani na ya shamba la Mzee Isidori kule Kigamboni."

"Sema."

Shahd akavuta kigoda. "Minyoo hii huioni kwa macho. Jike anaingia kwenye mzizi akiwa mtoto, mzizi unavimba, anakaa humo humo mpaka anakufa, ameshataga mayai mamia. Dume hana kazi naye. Mama anazaa binti aliye sawasawa na yeye, binti naye hivyo hivyo. Kwa hiyo ukoo wao unafuatilika."

"Enhe."

"Sasa zile nyanya za aina mpya ulizompa Mzee Isidori msimu wa pili, zenye kinga. Mmea wenyewe unamtambua mnyoo kwa kitu fulani alichonacho, unaua nyama ya mzizi pale pale alipouma, anakufa njaa. Lakini hawa wamepungukiwa kipande cha kinasaba. Ni kama mwizi aliyevua viatu, mlinzi hasikii. Na kipande hicho, bibi, kwa wako na kwa wa Kigamboni kimekatikia mahali pamoja. Nimepima na mashamba matatu ya majirani zake. Wao minyoo yao ni mizima, haina pengo hilo."

Bi Khairunnisa alikaa na kopo mkononi. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Minyoo ilitoka hapa, imefungwa kwa gazeti, kwa mkono wake.

Na hilo la minyoo silo lililomkata maini. Mzee Isidori, Mchaga wa Moshi, aliuza duka lake la jumla la sabuni miaka mitatu iliyopita, akanunua shamba Kigamboni alime nyanya na mkewe Severa. Msimu wa kwanza nyanya zilisinyaa. Severa alikuja hapa dukani na mmea mzima mkononi, mizizi imejaa vinundu kama tangawizi changa, akasema, "Dada, tazama huku chini. Kuna kitu." Dukani palikuwa na watu. Bi Khairunnisa alitupa jicho mara moja, akamjibu, "Maji hayo, mama Joyceline. Unamwagilia kama unazima moto." Watu wakacheka. Siku ya tatu Isidori akapiga simu kuuliza, akajibiwa vile vile. Msimu wa pili ulipokufa nao, mzee hakuuliza tena. Alimwambia mkewe amemmalizia uzee wake kwa ndoo ya maji. Severa alikusanya nguo zake akaenda kwa dada yake Moshi. Huu ni mwezi wa nane tangu aondoke.

"Mzee anakuja saa nne kuchukua miche mia mbili," alisema Bi Khairunnisa.

"Mwambie imeharibika, basi. Si lazima umweleze yote."

Alimtazama mjukuu wake. Ingewezekana kabisa. Mzee angenunua kwingine, naye angebaki Bi Khairu yule yule wa watu. Na Severa angebaki mwenye ndoo.

Saa nne kasoro Isidori akatokea mlangoni, kofia imekaa upande. "Bi Khairu! Miche ipo, au imekimbilia Oman kwa wajomba zako?"

"Ikimbie wapi, Mangi, nawe hata nauli yake ungetaka upunguziwe." Utani ulimtoka kwa mazoea, kisha akamsogezea kigoda. "Kaa kwanza."

Alimweleza. Hakuanzia kwenye vinasaba, alianzia kwenye tonge la udongo. Shahd alisaidia pale aliposhindwa. Alipofika kwa Severa alisema pole pole: "Alinionyesha mizizi. Sikuitazama. Kosa halikuwa maji, na halikuwa lake."

Isidori alivua kofia. Akaikunja, akaikunjua.

"Mbona unaniambia mimi?" akasema. "Mpigie."

Simu iliita mpaka karibu ikate. Shahd aliiweka kwa sauti ya nje. Severa alisikiliza bila kukatiza. Kwa nyuma kuku walisikika na mtu akipasua kuni.

"Nimesikia, dada," alisema mwishowe. "Asante kwa kuniambia. Yeye yupo hapo?"

"Yupo."

"Basi asikie. Wewe ulikosea kwa sababu ulikuwa na wateja. Yeye nilimwekea ile mizizi mezani, siku tatu ikakaa pale, akapiga simu kuuliza dukani. Mimi hakuniuliza kitu."

"Mama Joyceline," Isidori aliita, "nisamehe. Rudi nyumbani."

"Nilishasamehe, baba. Ila huku nimepanda migomba yangu, na nikisema jambo dada yangu ananisikiliza. Kaeni salama."

Simu ilikatika. Isidori alivaa kofia, akatoka bila kuaga, akashika njia ya Msimbazi kana kwamba amesahau upande wa kwake.

Bi Khairunnisa alikwenda uani, akang'oa mche mmoja, akausuuza kwenye karai. Kwenye nyuzi za mizizi kulikuwa na vinundu vidogo, mtu asiyevitafuta angevipita.

"Shahd, leta kalamu. Andika wote niliowauzia, tuwaambie."

Akaanza. Abdulmalik wa Mbagala. Evarista, yule wa bustani ya kanisa. Nasma na mama mkwe wake. Alipofika jina la kumi na moja alikwama. Wengine aliwaona sura zao barabara: mwenye pengo la meno, mama aliyekuja na mtoto mgongoni, babu aliyependa kuonja udongo kwa ncha ya ulimi. Majina hakuwahi kuwauliza.

"Endelea, bibi," Shahd alisema.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo."