Wa Kumtia Masouda Kaburini

Masouda amekufa Jumatatu saa nne ya asubuhi, na miye mpaka saa saba sijatoa hata chozi. Jirani zangu wa hapa Al-Khoudh, karibu na Maskati, walinitazama wakasema, mashaallah, Bi Nasriya ana subira. Subira gani? Nilikuwa nimeganda tu. Kahawa wakinipa nnakunywa, wakiniondolea kikombe nnaacha.

Alikuja kwangu wiki tatu nyuma, kutoka Unguja, kutibiwa moyo. Mwalimu mstaafu, mjane, na mtoto wake mmoja tu, Hajar, kabaki huko. Jirani wakija, yeye huwaambia, "Nasriya ndugu yangu." Na miye, mtu mzima wa miaka sabini na moja, hudakia, "Mgeni wangu huyu." Ukiniuliza kwa nini, ntakwambia sijui, na ntakuwa nnasema uwongo.

Mama aliponizaa, huko huko Unguja, alishikwa na homa, maziwa yakamkauka. Nikapelekwa kwa Mama Mwanamize, mfuaji wetu, aliyekuwa akikaa uani. Alikuwa na mtoto mchanga, huyo Masouda, kanizidi siku arubaini. Akatunyonyesha sote wawili mpaka tukaacha. Ziwa moja. Kwa sheria yetu siye ni ndugu, kama tuliotoka tumbo moja.

Shule ya wasichana ya mtaani kwetu ilikuwa na kamati yake, na kamati ilichukua watoto wa Kiarabu tu. Haikuandikwa popote, ilijulikana. Baba yangu, Mzee Murshid, hakuwa mtu wa siasa, lakini jambo hili alilishikilia mwaka mzima. Aliandika barua kwa kamati, akaandika serikalini, mpaka watu wakaacha kumwamkia msikitini. Hoja yake ilikuwa moja: hawa ni ndugu wa ziwa moja, mkimkataa mmoja mmewatenga ndugu. Akijua fika kwamba Masouda akiingia, watoto wengine wa uani wataingia nyuma yake, na hicho ndicho alichokitaka. Kamati ilipochoka ikamwambia, walete, mwalimu mkuu atamuuliza mwanao mwenyewe.

Nilikuwa na miaka saba. Ofisini yumo mwalimu mkuu na wanakamati wawili, na dirishani wamejazana wasichana ntakaosoma nao, wananitazama. Masouda kasimama mlangoni na sare mpya aliyoshonewa na baba. Mwalimu akaniuliza, "Nasriya, huyu nani wako?"

Nikatazama dirishani. Nikasema, "Mtoto wa mfuaji wetu."

Basi, ikaisha. Masouda akarudishwa nyumbani na sare yake, na wale wa nyuma yake hawakuja. Alikaa mpaka utawala ulipogeuka na shule zikawa za wote, akaanza darasa la kwanza ana miaka kumi, magoti hayaingii chini ya dawati. Baba hakunigombeza. Bora angenichapa. Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kweli, kidole hupona.

Wiki tatu hizi nilitaka kumtaka radhi. Kila asubuhi nnasema leo. Nnamtilia chai, tunazungumza habari za sukari na maumivu ya magoti, mpaka chai inakwisha. Walipomlaza hospitali nikasema akirudi. Karatasi za hospitali nimezijaza mwenyewe, na pale walipouliza uhusiano nimeandika "rafiki".

Saa saba na nusu akaingia mwanangu Thabit, katoka kazini Maskati. Akasimama mlangoni pa sebule ya wanawake, macho chini.

"Mama, wameshamkosha. Alasiri tunamzika. Shekhe anauliza nani maharimu wake, jamaa asiyeweza kumuoa, wa kumtia kaburini."

"Hana mwanamume hapa."

"Basi watashuka vijana wa msikitini. Haina makosa, shekhe kasema."

Haina makosa. Ningenyamaza, angezikwa vizuri tu, na hapana ambaye angejua. Bashayer, jirani yangu, alikuwa ubavuni pangu na tasbihi yake, na wenziwe sita wamezunguka, wote nimeshawaambia mgeni, mgeni, mgeni. Niliona haya, nnakwambia. Haya zile zile za dirishani.

"Shuka wewe," nikamwambia.

"Mimi? Mimi nani kwake?"

"Mama yako mkubwa. Nimenyonya ziwa la mama yake."

Thabit akaniinulia macho. "Miaka yote hii, mama, hukutwambia?"

Akapiga simu kwa shekhe, akamweleza, kisha akaniletea. "Anataka akusikie wewe."

"Bi Nasriya," sauti ikasema, ya kijana mdogo, ina haraka, "huyu maiti nani wako?"

"Dada yangu."

"Wa kunyonya?"

"Wa kunyonya."

"Basi mwanao ashuke." Akakata. Bashayer akaendelea na tasbihi yake. Nilidhani ntalia hapo, sikulia.

Thabit akarudi kabla ya magharibi, kanzu yake ina udongo mpaka magotini. Akasema, "Mwepesi, mama. Nilimpokea peke yangu." Nikampa maji, akanywa amesimama.

Kisha Hajar akapiga kutoka Unguja. Alishalia mpaka sauti ikamkauka. "Mama mdogo, nani kamtia kaburini?"

"Thabit."

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi. "Siku ya safari nilimwambia, mama, huko huna mtu, ukifikwa na jambo itakuwaje? Akanambia, nnaye dada yangu. Wakimuuliza atasema. Mara hii ni mtu mzima."

Nikamwambia, "Naam." Nikaweka simu chini, nikaenda chumbani kwake kukunja kanga zake.