Hadithi ya Kambale Mbele ya Afande

Jamani, elimu inaweza kumuua mtu! Mimi Biira ni mwalimu wa fasihi hapa Kasese, na siku ile nilifika Bwera nikiwa sina hata mate mdomoni. Mdogo wangu Kambale alikuwa amefungwa kituoni kwa sababu ya hadithi aliyoitunga akaisambaza kwa watsapu. Ndani yake wanajeshi wamepiga kambi uani kwa mjane mmoja wa Kyarumba, na mjane huyo anawaambia wanawe wanaochuma kahawa mlimani, "Mvua ikinyesha, shukeni." Kuna mtu akapeleka maneno: kijana huyu anaita watu washuke mlimani wapige askari.

Afande Semakula, mkubwa wa pale, alinipa kiti. Sikutegemea. Hadithi yenyewe alikuwa nayo mkononi, imechapwa kwenye karatasi.

"Madamu, mimi nauliza kitu moja tu. Hii ni hadithi, ama ni amri?"

Ningesema tu "hadithi, afande," nikafunga mdomo. Basi! Lakini mimi na mdomo wangu! Nikiogopa huwa nafundisha.

"Afande, kuna elimu inaitwa pragmatiki. Hatuangalii neno peke yake. Tunauliza nani anasema, anamwambia nani, na anataka nini kwa kusema hivyo. Anayesema hapa ni mjane, si Kambale."

Akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amelainika, naapa. Nikaona nimpe na mfano, nimalize kabisa.

"Ona hapa. Mjane anawaambia wanajeshi, 'Kaeni tu, chakula iko karibu.' Lakini Kambale ameandika kwamba jiko ni baridi, hata kuni hazijawekwa. Kwetu, mgeni akiambiwa asubiri chakula na jiko ni baridi, anajua anafukuzwa. Anaaga, anaenda. Msomaji wa huku anacheka, wanajeshi wa kwenye hadithi wanazidi kukaa. Huo ndio ufundi wa Kambale, afande. Jambo kubwa halisemi, anamwachia msomaji."

Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe.

Afande aliurudia ukurasa ule polepole, kidole juu ya mstari. Yeye si wa huku, maisha yake yote ni ya baraksi, kambi za askari. Pale kwenye jiko alikuwa ameona ukarimu tu.

"Kumbe," akasema. "Mama anasema kaeni, anataka watoke. Sasa hii ya mvua anataka nini?"

"Hapo ni mvua tu, afande! Watoto wako juu kwenye kahawa, njia inateleza!"

"Hapana, Madamu. Wewe mwenyewe umenifundisha. Huyu kijana jambo kubwa hasemi." Akamgeukia askari wa mlangoni. "Toa Kambale. Anapelekwa kwa wakubwa."

Wanaopelekwa kwa wakubwa hatujui wanarudi lini. Walimpitisha mbele yangu na pingu, viatu hana.

"Dada, umewaambia nini?"

Nikapiga magoti pale sakafuni, mwalimu mzima, nikamshika afande suruali, kamasi na machozi vikinitoka.

"Ni hadithi, afande! Ni hadithi tu!"

Hakukasirika. Aliinama karibu yangu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na hapo, Madamu, unataka kusema nini?"