Pete ya Ustadh Naji

Miaka nenda miaka rudi, Daktari Raghad aliwapokea katika chumba cha mahututi, hapo Basra, watu waliopasuliwa vizuri kisha vidonda vikatunga usaha, na wengine wakafa. Utafiti wake wote ulikuwa swali moja: vijidudu vinatoka wapi? Alipima maji, akapima visu, akapima hata hewa. Jibu likaja kumgusa mdomoni, na laiti lingemfikia kwingine.

Siku ya Idi alikwenda kumwamkia Ustadh Naji, daktari wa upasuaji aliyemfundisha kazi. Akainama kuubusu mkono wake, kama wanafunzi wake wote, midomo ikagusa pete ya akiki. Mzee aliirithi kwa baba yake, na hakuivua hata chini ya glavu, nazo glavu hutoboka. Madaktari wangapi wameibusu pete ile, na hakuna aliyeitazama! Raghad akaomba kuipangusa kwa pamba ya kupimia. Mzee akacheka, akampa kidole.

Raghad alipokuja na majibu ya maabara, alimkuta mzee ananawa kabla ya kupasua, na mama mmoja keshalazwa kwenye meza ya upasuaji.

"Ustadh, usiingie na hiyo pete."

"Ala!" mzee akacheka. "Leo unanifunza mimi? Wewe uliyekuwa unashika mkasi kama mwiko?"

"Ni mimi huyohuyo. Vijidudu vya peteni ni vilevile vya vidondani, Ustadh. Pete inaua watu."

Raghad alimpenda mzee huyu kama baba, na alijua huenda anampoteza.

Kicheko kikakatika. "Wangapi?"

"Wote siwajui. Ninaowajua wanatosha."

Mzee akaivuta pete. Wapi! Kidole kilikuwa kimenenepa.

"Ikate, binti yangu."

"Pete ya baba yako siikati." Raghad akawageukia wauguzi. "Nipeni uzi wa kushonea."

Akauzungusha uzi kidoleni, akaubana kwa utaratibu, vilevile alivyofundishwa na mwenye kidole. Pete ikatoka. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, inanuka. Mzee akaitazama, machozi yakamlengalenga.

"Mwiteni Daktari Karim apasue yeye," akasema. "Mimi leo sigusi mtu."

Yule mama alipona, na kidonda chake hakikutunga usaha.

Idi iliyofuata Raghad alikwenda tena kumwamkia. Mzee akauficha mkono nyuma.

"Usiubusu huu. Umeua."

Raghad akauvuta kwa nguvu, akaubusu palepale palipokaa pete.